Waamuzi wanawake wasifungiwe kwenye mapambano ya wanawake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni ili nimjibu msomaji ambaye barua yake ilichapishwa wiki mbili zilizopita. Alisifu kwa moyo mkunjufu jinsi mabinti wanavyozidi kujitokeza katika ngumi, kisha akahitimisha kwamba wapigane watakavyo, na hata wakichezesha mapambano ya wanawake wenzao si neno, ila mwanamke asipandishwe ulingoni kuchezesha pambano la wanaume. Alitoa sababu tatu: nguvu, heshima na maadili. Barua yake ilikuwa ya adabu, nami nitajitahidi kumjibu kwa adabu hiyohiyo, ingawa nakiri kwamba mara ya kwanza niliisoma nikiwa kwenye daladala la Mbagala, na jirani yangu wa kiti akaniuliza kama nimepata habari za msiba.

Nijitambulishe. Kwa miaka 14 nimekuwa mtunza muda katika mapambano ya ngumi, ya ridhaa na ya kulipwa, katika kumbi za Dar es Salaam na mara chache Morogoro na Tanga. Kazi yangu ni kengele. Ninakaa chini ya ulingo nikiwa na saa mbili mbele yangu, moja ya kazi na moja ya dharura, na zikibaki sekunde 10 raundi iishe nagonga ubao wa ulingo kwa kipande cha mninga ambacho fundi seremala mmoja wa Keko alinichongea bure baada ya kuniona nikigonga kwa chupa ya soda. Mabondia wananiita Mama Kengele. Ninacho pia cheti cha uamuzi, nilichokipata baada ya kozi na mtihani, na habari ya jinsi cheti hicho kilivyokaa kabatini ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza nikubaliane na msomaji panapostahili. Ni kweli kwamba mambo yamekwenda mbio. Olimpiki ya London ya mwaka 2012 ndiyo ya kwanza kuwapa wanawake nafasi ya kushindania medali za ngumi, tena katika madaraja 3 tu ya uzito wakati wanaume walikuwa na 10. Nicola Adams wa Uingereza alitwaa dhahabu ya kwanza, na katika mashindano hayohayo alikuwapo Elizabeth Andiego, mwanamke wa kwanza wa Kenya kupigana kwenye Olimpiki. Tokyo madaraja ya wanawake yakawa 5, na jirani zetu Wakenya wakapeleka wawili, Christine Ongare na Elizabeth Akinyi, Ongare akiwa tayari na shaba ya Jumuiya ya Madola aliyoipata Gold Coast mwaka 2018. Paris mwaka 2024 yakawa 6 kwa 7 ya wanaume na nafasi za mabondia zikagawanywa sawasawa, wanawake 124 na wanaume 124. Los Angeles mwaka 2028 yatakuwa 7 kwa 7. Upande wa ngumi za kulipwa, Fatuma Zarika alikwenda Marekani Oktoba 2016 akarudi Nairobi na mkanda wa dunia wa WBC, moja ya mashirika makubwa ya ngumi za kulipwa. Hata Cuba, ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikivuna dhahabu za wanaume kama mtu anayechuma maembe uani kwake, ilikubali wanawake wake wapigane Desemba 2022.

Lakini takwimu hizo zote ni za wanaopigana. Za wanaohesabu haziandikwi.

Pambano moja la ridhaa linahitaji mwamuzi mmoja juu ya ulingo na majaji watano waliotawanywa pembeni mwake. La kulipwa linahitaji mwamuzi na majaji watatu. Ongeza mtunza muda, daktari, msimamizi wa mapambano na mtangazaji, na utaona kwamba usiku wa kawaida una watu wengi wenye mamlaka kuliko mabondia walioko ulingoni kwa wakati mmoja. Wanawake wapo usiku huo, sikatai. Yupo anayepokea fomu, yupo anayepima shinikizo la damu, yupo anayezunguka na bango la namba ya raundi, na nipo mimi na kengele yangu. Kwenye viti vya majaji hupatikana mmoja kwa kubahatisha. Juu ya ulingo, kati ya wanaume wawili, katika miaka yangu 14 nimemwona mwanamke mara chache kiasi kwamba nazikumbuka moja moja, na moja kati ya hizo nilikuwa mimi mwenyewe, kwa sababu ya mvua. Nitaieleza.

Kabla ya hapo nataka msomaji aelewe jinsi kazi hii inavyopandwa ngazi, maana yeye anadhani kumpa mwanamke mapambano ya wanawake ni kumpa haki yake nusu, na nusu ni bora kuliko kukosa. Uamuzi haupatikani kwa kozi. Kozi inakupa kanuni: pointi 10 kwa mshindi wa raundi, 9 kwa aliyeshindwa, 8 ikiwa alizidiwa sana, konde halali ni lile linalotua kwa sehemu ya mbele ya glovu iliyokunjwa, usoni, ubavuni mwa kichwa au kwenye kiwiliwili juu ya mkanda. Hayo mtu anaweza kuyakariri kwa wiki moja. Kinachobaki, yaani kujua usimame wapi, uingie lini, bondia anayechoka anafananaje na bondia anayejifanya amechoka, kinaingia mwilini kwa kuchezesha mapambano, na hakuna njia ya mkato. Katika ngumi za ridhaa waamuzi wa kimataifa hupangwa kwa nyota, kutoka moja hadi tatu, na hakuna anayezifikia kwa cheti cha kozi peke yake.

Sasa fanya hesabu. Mwamuzi anayepangiwa mapambano 6 kila Jumamosi atafikisha 100 kabla ya miezi mitano kwisha. Mwenzake wa kike anayengojea mapambano ya wanawake, ambayo katika kumbi ninazozijua huwa moja au mawili kwa usiku na mara nyingine hayapo kabisa, atahitaji miaka miwili kufika hapo, ikiwa hataugua, hatazaa na hatakata tamaa. Halafu siku linapotokea pambano kubwa la wanawake lenye mkanda, lenye televisheni na wageni wa heshima, anaambiwa kwa upole kwamba pambano hili ni zito, linataka mtu mwenye uzoefu. Anapewa mwanamume. Kwa hiyo hata ile nusu ambayo msomaji wetu anaikubali kwa ukarimu haipo. Mwanamke aliyefungiwa kwenye mapambano ya wanawake huishia kunyimwa hata hayo.

Nirudi kwenye mvua. Ilikuwa masika, miaka kadhaa iliyopita, barabara ya Jangwani ikafungwa kwa mafuriko kama ilivyo desturi yake, na waamuzi wawili kati ya watatu waliopangwa hawakuweza kuvuka. Ukumbi umejaa, mabondia wameshapimwa uzito tangu jana, promota anatembea huku na huko akipiga simu zisizopokelewa. Ndipo mmoja wa wasimamizi akakumbuka cheti changu. Nilipewa mapambano manne ya utangulizi, yote ya vijana wa kiume. Shati jeupe niliazima, mikono yake ikanifika kwenye ncha za vidole nikaikunja mara tatu. Suruali nyeusi nilikuwa nayo. Viatu vya raba vilikuwa vya mwanangu wa kidato cha pili, ambaye alikuja kuniangalia na akarudi nyumbani na kandambili zangu. Kengele nilimwachia kijana mmoja wa klabu, na nikiwa juu nilimsikia akichelewa sekunde mbili tatu kila raundi.

Kutoka chini, ulingo ni jukwaa. Kutoka juu ni chumba kidogo chenye watu wawili wanaokimbia, turubai limelegea upande wa kona ya bluu, harufu ya dawa ya kuchua inakaba koo, na sauti za makonde ni nzito kuliko zinavyosikika mezani. Katika pambano la kwanza mtu mmoja wa viti vya nyuma alipaza sauti, "Mama, chapati zinaungua!" Ukumbi ukacheka, na nikiri kwamba mimi pia nilitaka kucheka. Raundi ya pili hakusema kitu, si kwa sababu alinikubali, bali kwa sababu vijana wale walikuwa wanapigana vizuri na yeye alikuwa ameweka dau.

Pambano la tatu ndilo ninaloota mpaka leo. Kijana wa kona nyekundu alipigwa konde la kulia karibu na sikio akaenda kuegemea kamba, mikono juu bado, umbo lake zima likionekana la mtu aliye sawa. Nilimhesabia hadi nane. Nikamwambia anyanyue mikono, akanyanyua. Nikamwambia asogee kwangu hatua mbili. Alisogea, lakini alisogea kwenda kushoto kwake, akielekea mahali ambapo mimi sikuwapo. Nikapunga mikono juu ya kichwa, nikalimaliza pambano. Mwalimu wake alipanda ulingoni akaniambia mbele ya watu wote kwamba hakuna mwamuzi mwanamume ambaye angekatisha pambano lile. Daktari alimmulika kijana kwa tochi, macho yote mawili, akamwambia akae chini, asiongee. Hakutetea uamuzi wangu wala hakuupinga. Alimfunga barafu nyuma ya shingo.

Katika pambano la nne nilikosea. Sikumwonea mtu, ila niliganda upande mmoja wa ulingo muda mrefu, nikamziba jaji aliyeketi nyuma yangu. Baadaye mzee yule, ambaye ameketi kwenye kiti cha jaji tangu kabla sijajua ngumi ni nini, alinifuata nje nikila mishikaki akaniambia, "Mama, raundi ya pili nimeona mgongo wako tu." Kisha akanionyesha pale pale kwenye lami, kati ya bodaboda mbili zilizoegeshwa, jinsi ya kuwazunguka mabondia bila kuwapa majaji kisogo. Lilikuwa somo la dakika tano lililonifaa kuliko kozi nzima. Somo la pili lingekuja Jumamosi iliyofuata, kama ningepangiwa. Maji ya Jangwani yalikauka, waamuzi wakarudi, nami nikarudi kwenye kengele. Aliyenipanga siku ile alinishukuru sana. "Mama, ulitusitiri," alisema, "sasa tutakuwa tunakupa mapambano ya akina dada." Katika miezi 12 iliyofuata nilipewa matatu.

Sasa nije kwenye sababu za msomaji. Anasema mwanamke hana nguvu za kuwatenganisha wanaume wawili wa uzito wa juu waliokumbatiana. Nadhani anafikiri kazi ya mwamuzi ni kama ya wale wanaume wanaoamua ugomvi kilabuni. Mwamuzi ana amri tatu: ya kusimama, ya kuachana na kurudi nyuma hatua moja, na ya kuendelea. Bondia asiyetii anaonywa, anapokonywa pointi, na akiendelea anatolewa. Silaha ya mwamuzi ni hiyo pointi. Usiku wa Juni 28, 1997, mjini Las Vegas, Mike Tyson alipomng'ata Evander Holyfield sikio, kisha akarudia sikio la pili, aliyemwondoa mashindanoni alikuwa Mills Lane, mtu mfupi mwenye upara aliyekuwa akipigana uzito wa welta ujanani na ambaye Tyson angeweza kumbeba kwapani. Hakuna aliyeuliza Lane ananyanyua kilo ngapi. Na kwa upande wa pili, Machi 1962 New York, Ruby Goldstein, aliyekuwa bondia mzuri na mmoja wa waamuzi walioheshimiwa sana wakati wake, alichelewa kumzuia Emile Griffith alipokuwa akimshushia Benny Paret makonde kwenye kona. Paret akafa siku 10 baadaye. Misuli ya Goldstein haikuwa na upungufu wowote usiku ule. Kilichochelewa ni neno.

Kuhusu heshima, anasema bondia mwanamume hawezi kumtii mwanamke. Hoja hii ina umri mrefu na imewahi kuvaa nguo nyingi. Nchini Uingereza bodi inayosimamia ngumi za kulipwa ilimnyima Jane Couch leseni ya kupigana ikidai kwamba hedhi huwafanya wanawake wasitabirike, na mwaka 1998 baraza la kesi za ajira likampa Couch ushindi. Huko Marekani, Belle Martell alipewa leseni ya uamuzi California mwaka 1940, yaani kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Septemba 29, 1977, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Muhammad Ali alitetea ubingwa wa dunia wa uzito wa juu dhidi ya Earnie Shavers kwa raundi 15, na mmoja wa waliotoa pointi alikuwa Eva Shain, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa pambano la ubingwa wa dunia la uzito huo. Kadi yake ilimpa Ali raundi 9 na Shavers 6. Ali, ambaye watu wa rika langu wanakumbuka alivyokuja Dar es Salaam mwaka 1980 akiwa mjumbe wa Rais Carter, hakulalamika kwamba amehesabiwa na mwanamke. Na tunajua kwamba Ali hakuwa mtu wa kukaa kimya.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani. Wachezaji wa Simba na Yanga, watu ambao si wapole, wamechezeshwa na mwanamke, Jonesia Rukyaa, na aliyetakiwa kutoka nje kwa kadi alitoka. Mwaka 2022 Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali za Mataifa ya Afrika. Soka ina wachezaji 22 na uwanja mzima. Ulingo una watu wawili na kamba nne.

Maadili sitaki kuyapita kwa dhihaka, kwa sababu mimi ni Mwislamu na najua swali hili linatoka wapi. Mwamuzi hukagua glovu, humshika mshindi mkono na kuunyanyua, na wakati mwingine hulazimika kumkinga kwa mwili wake bondia aliyeanguka. Wapo wanawake ambao hawataki kufanya hivyo kwa wanaume, na wana haki ya kukataa bila kuulizwa mara mbili. Lakini kukataa kwake ni jambo lake, na kukatazwa na mimi au na msomaji ni jambo lingine. Mezani kwetu mara nyingi daktari ni mwanamke. Anamshika bondia taya, anaingiza vidole vilivyovaa glovu mdomoni mwake kutafuta jino lililovunjika, anamfungua kope kwa kidole gumba, na sijawahi kusikia sauti kutoka viti vya nyuma ikiuliza habari za maadili.

Kuna hoja ya nne ambayo msomaji hakuiandika, ila mimi huisikia kila wiki kwenye benchi la majaji: kwamba wanawake wakipewa kadi za kujazia pointi huharibu. Anayetajwa ni Adelaide Byrd, jaji wa Las Vegas aliyempa Canelo Alvarez pointi 118 kwa 110 dhidi ya Gennady Golovkin Septemba 2017, pambano ambalo jaji mmoja alimpa Golovkin na mwingine akaona sare. Kadi ile ilikuwa mbaya. Niliangalia pambano lile mara mbili na sina namna ya kuitetea. Lakini Seoul mwaka 1988 Roy Jones wa Marekani alinyang'anywa dhahabu ya Olimpiki kwa kadi 3 dhidi ya 2, wizi ambao watu wa ngumi wanausimulia hadi leo, na majaji wote watatu waliompa ushindi mwenyeji Park Si-hun wa Korea Kusini walikuwa wanaume, mmoja wao akitoka hapo jirani Uganda. Baada ya Rio 2016 uchunguzi ulioongozwa na Richard McLaren ulionyesha kwamba matokeo yalipangwa na waamuzi na majaji waliozoeana kwa miaka, na hatimaye Kamati ya Olimpiki ikaliondolea shirikisho la ngumi la kimataifa utambuzi mwaka 2023. Sijasikia mtu akisema kwamba kutokana na hayo wanaume wapumzishwe. Kadi mbovu ya mwanamume inaitwa kadi mbovu. Ya mwanamke inageuka ushahidi dhidi ya jinsia nzima, na kila anayekaa kwenye kiti baada yake anakuta deni ambalo hakulikopa.

Nikigusa kidogo upande wa mabinti wenyewe, kuna mahali ambapo uhaba huu unauma bila kuonekana na watazamaji. Kanuni za ridhaa zinataka bondia wa kike apimwe uzito na maofisa wa kike, na ni busara, kwani kuna tamko la kutokuwa mjamzito la kusaini, kuna kinga ya kifua ya kukagua, na mtu anayetafuta gramu 200 za mwisho hupanda mzani na nguo chache sana. Nimewahi kuitwa kutoka kwenye kengele kwenda kupima uzito kwa sababu hakukuwa na ofisa mwingine wa kike jengo zima, nikiwa sina orodha wala mhuri. Binti mmoja aliyekuwa na njaa ya siku mbili alinisubiri dakika 40 akiwa amejifunga khanga, akitema mate kwenye kikombe cha plastiki ili apungue. Aliposhuka kwenye mzani aliniuliza kama ni mimi nitakayemchezesha kesho yake. Nilimwambia hapana, mimi ni wa kengele.

Zanzibar iko katika nafasi ambayo sisi wa Bara hatunayo tena. Ngumi zilipigwa marufuku visiwani baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na zikaruhusiwa tena mwaka 2022 chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi. Maana yake ni kwamba kizazi kizima cha waamuzi kinatengenezwa upya, bila wazee wa kuwaambia vijana kwamba ndivyo tulivyokuta. Tangu mwaka 2019 kanuni za kimataifa za ridhaa zimeruhusu hijabu ulingoni, kwa hiyo hata kisingizio cha mavazi kimepungua makali. Kama wenzetu watapanga tangu mwanzo kwamba katika kila waamuzi wanne wanaofunzwa wawili ni wanawake, na kwamba wote wanne wanapangiwa mapambano kwa zamu bila kuangalia nani anapigana, baada ya miaka mitano tutakuwa tunavuka bahari kwenda kuazima waamuzi kwao. Nitapanda boti kwa furaha.

Kwa upande wa huku, ninachoomba si upendeleo, wala siombi mtu atolewe kwenye pambano la ubingwa ili nipewe mimi. Umri wangu umekwenda na magoti yangu yanajua hivyo kabla yangu. Naomba mapambano ya utangulizi, yale ya raundi nne za vijana wasiojulikana, ambayo kila mwamuzi mwanamume alianzia, yagawanywe kwa zamu kati ya wote wenye vyeti. Msimamizi mwenye wasiwasi amweke mwamuzi mzoefu chini ya ulingo amwangalie, na baada ya usiku amwambie alipokosea, kama mzee yule alivyonifanyia kati ya zile bodaboda.

Na kwako Mhariri nina ombi ambalo halitakugharimu zaidi ya mstari mmoja. Kurasa zako za michezo huchapisha kila Jumatatu nani alimpiga nani, raundi ya ngapi, na promota alikuwa nani. Majina ya mwamuzi na majaji huachwa. Katika soka mnaandika mwamuzi wa kati na wasaidizi wake, na wasomaji wanawajua kwa majina, wanawasifu na kuwalaani ipasavyo. Fanyeni vivyo hivyo kwa ngumi, msimu mmoja tu, bila maoni yoyote, orodha tupu, halafu msomaji wetu na mimi tutakuwa na kitu cha kuhesabu badala ya kubishana. Orodha yenyewe haitafutwi mbali: hubandikwa asubuhi ya kupima uzito, karibu na mlango, kwa kawaida chini ya tangazo la bei ya vinywaji, na mwandishi wako akifika mapema ataniona hapo nikijaza betri kwenye saa ya dharura.

Wako,
Mtunza muda,
Magomeni, Dar es Salaam